Mume Wangu Alikuwa Akilisha Mchwa

Mume wangu Enos Wechuli hawezi kukalia kiti kabla hajakigonga. Mnaenda kutembelea watu, mwenye nyumba anasema karibuni, mimi naketi kama binadamu, yeye anainama, anakipiga kiti kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, anatega sikio, halafu anasema, "Grevilea. Ilipasuliwa ikiwa mbichi." Mbele ya mwenye kiti! Kanisani amenusa mabenchi yote mpaka pasta akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mafua. Na siku ya mazishi ya jirani yetu hapa Mamboleo, haki ya Mungu, aligonga jeneza. "Saiprasi," akaninong'oneza, "lakini wameipaka rangi ya mahogani." Nilimfinya mpaka akatoa machozi, na watu wakasema, tazameni jinsi alivyompenda marehemu.

Nisikudanganye kwamba nilimpenda mara moja. Nilimkuta mtaa wa Obunga, kwenye yadi ya mbao, nikitafuta ubao wa rafu ya jikoni. Nikachagua ubao mzuri, mweupe, ulionyooka. Akakataa kuniuzia. "Huu utajikunja mvua ya kwanza," akasema, na tajiri wake amesimama pale pale! Nikamtukana kwa Kiluo. Yeye ni Mbukusu wa Bungoma, hakuelewa kitu, akacheka tu. Mvua ilinyesha usiku, na kesho yake nikarudi kuona kama ule ubao umejikunja. Ulikuwa umejikunja. Yawa, sasa ningefanya nini? Nikaolewa.

Kilichomtoa yadini ni pua yake. Siku moja alikuja mama mmoja mwenye miwani na buti za shambani, anaitwa Daktari Nakhungu. Si daktari wa sindano, ni wa miti ya misitu: huchunguza mbao ipi ni imara na wadudu gani wanaiharibu. Alikuwa na vipande kumi vya mbao kwenye mfuko, anawauliza watu wa yadi kama wanavijua. Wengine walitaja vinne, wengine vitano. Enos alifumba macho, akanusa vyote kumi, akavitaja kimoja kimoja, na kile cha mwisho akasema mti wake ulikatwa ukiwa mgonjwa. Daktari alimwajiri wiki hiyo hiyo.

Shida yetu ilianza siku alipokuja kwetu Luanda Kotieno kujitambulisha kwa wazazi. Baba yangu, Mzee Obonyo, hutengeneza mashua, na duniani hana adui ila mchwa. Walikula paa lake, wakala mlango, mwaka mmoja wakala mashua nzima kabla haijaguswa na maji. Siku Enos anafika, baba alikuwa juu ya kichuguu na jembe, jasho linamtiririka, anamchimba malkia wao. Akainua kichwa akauliza, "Bwana, wewe unafanya kazi gani?"

Enos akalitazama jembe. Akamtazama malkia wa mchwa, mnene, ametupwa juani.

"Nalinda mbao za serikali, Mzee."

Baba alifurahi mpaka akaingia ndani akatoka na rungu la mti mgumu, akampa mbele ya wajomba zangu wote. "Linda!" akamwambia. Hata mimi niliamini hivyo. Miaka mingi Enos alifanya kazi huko mbali kwenye milima, akirudi nyumbani ananiambia mbao ziko salama, nami naridhika. Rungu alikwenda nalo kila mahali alikopelekwa.

Halafu Daktari akafungua shamba la majaribio hapa hapa nyuma ya Mamboleo, na Enos akaletwa kulisimamia. Ukiliona utacheka. Hakuna mti hata mmoja. Kuna vijiti tu, nusu ardhini nusu juu, safu kumi, kila safu vijiti kumi na viwili, na kila kimoja kina kibati chenye namba. Vingine ni mkaratusi, vingine grevilea, vingine vimepakwa dawa, vingine ni saiprasi tupu, bila dawa. Pembeni kuna kibanda, na ndani ya kibanda kuna daftari la Enos, ambalo hata mimi mke wake sikuruhusiwa kuligusa na mkono wenye mafuta. Chakula cha mchana anakula pale kibandani, kiti chake kimeelekea barabara, kwa sababu kila mwenye boda boda anayepita humwita, "Mzee Wechuli! Mbao ziko salama?" Naye hutoa kifua nje na kujibu, "Ziko!"

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kumpelekea chakula. Ijumaa ya kwanza kabisa, yeye akiwa amezama kwenye ugali na omena, dagaa wetu wa ziwani, nikapita kati ya safu nione hivyo vijiti vya serikali. Uwii! Kwenye kijiti cha tatu, safu ya kwanza, kulikuwa na mstari mwembamba wa udongo unapanda juu. Nani amezaliwa huku asiujue mstari huo? Mchwa! Wako kazini, na mlinzi amewapa mgongo anatafuna omena.

Wakubwa wake wakiona, nikawaza, watasema Enos halindi kitu. Na nikimwambia mwenyewe nitamvunja moyo, maana anajivunia kazi ile kuliko anavyojivunia mimi. Basi nikanyamaza. Ijumaa iliyofuata nikaja na gorogoro, lile kopo la kupimia unga, imejaa majivu ya jiko langu, nimeifunika kwa leso chini ya bakuli la ugali. Majivu ndiyo dawa ambayo mama yangu alizungushia ghala, na nyanya yangu kabla yake. Kijiko kimoja kila kijiti: nafukua kidogo, namwaga, nafunika, nakanyaga. Gorogoro ikaisha mwisho wa safu ya nne. Nikarudi kibandani kuchukua vyombo.

"Baba Shantel, umeshiba?" Shantel ni binti yetu, yuko shule ya bweni.

"Nimeshiba kabisa," akasema. Enos akila haoni wala hasikii.

Nilifanya hivyo mwaka mmoja na nusu. Kila Ijumaa, isipokuwa wiki ya Pasaka nilipokwenda kwetu. Na nilijisikia mke wa maana, wacha nikwambie! Nilipita sokoni natabasamu peke yangu mpaka rafiki yangu Okinyi, anayeuza mandazi karibu na steji ya boda boda, akaniuliza kama nina mimba.

Halafu Jumapili moja tulitoka kanisani, tukafika nyumbani, Enos akaketi bila kugonga kiti. Nikajua hapa kuna msiba.

"Mama Shantel," akasema, "nitafutwa kazi."

"Na nani? Umeiba nini?"

"Sijaiba. Mchwa hawali."

"Hawali nini?"

"Vijiti!" Akajishika kichwa. "Beldina, nisamehe. Mimi silindi mbao. Sijawahi kulinda mbao hata siku moja. Nalisha mchwa."

Akanieleza polepole, macho yako sakafuni. Kazi yao ni kuzika mbao za kila aina waone mchwa watakula ipi na kuacha ipi, ili mtu kama baba yangu ajue ajengee nini. Vile vya saiprasi tupu vimewekwa makusudi viliwe. Visipoliwa, hakuna atakayeweza kusema dawa imefanya kazi au mti fulani ni imara, kwa sababu huenda hapo mahali hapana mchwa kabisa. Safu za mbele hazina alama hata moja ya udongo. Za nyuma nazo juu ni safi, na chini haruhusiwi kuchungulia mpaka siku ya kung'oa.

"Daktari anakuja Alhamisi hii," akamaliza. "Saiprasi ikitoka nzima, shamba linafungwa. Nami ndiyo basi. Nilimdanganya baba yako kwa sababu ya lile jembe, halafu nikashindwa kurudi nyuma."

Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Kicheko kilinipanda, kilio kikaja nyuma yake, vikakutana kooni nikakohoa. Enos akadhani nacheka kazi yake. Akainuka akatoka nje, na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote Mamboleo, nikashindwa kumwambia kwamba mchwa wake nimewafukuza mimi.

Nilihangaika siku nzima. Jioni nikapata akili, au nilidhani ni akili. Kila mwanamke afugaye vifaranga huku anajua kukamata mchwa. Unajaza nyungu mabua na mavi ya ng'ombe yenye unyevu, unaifudikiza juu ya tundu lao, na asubuhi unakuta wamejaa humo. Unawamwagia vifaranga, wanakua haraka. Mimi nina nyungu mbili za kazi hiyo. Nikasema, kama mchwa wameondoka shambani kwa Enos kwa sababu yangu, mimi mwenyewe nitawarudisha kwa mikono yangu!

Asubuhi ya Jumatatu Enos alikuwa amekwenda mjini kuchukua barua. Nyungu nilizotega usiku zilikuwa zimejaa pomoni. Moja nikabeba mimi kichwani, moja Okinyi, ambaye nilimwambia siri yote na alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Tukashika njia. Tulipofika kwenye kona Okinyi akageuka.

"Mama Shantel," akasema, "tunafuatwa."

Kuku wangu! Wote! Wanajua zile nyungu kuliko wanavyonijua mimi. Wako kumi na mmoja, na vifaranga wao, wamejipanga nyuma yetu barabarani, mbele yao jogoo ambaye tunamwita Chifu, kichwa juu, anatembea kama anakwenda baraza. Nikawafukuza kwa leso, wakarudi hatua tatu, wakaja hatua nne. Nikakimbia, nao wakakimbia. Watu wa steji wakasimama juu ya pikipiki zao. "Mama Shantel, unahama?" "Hapana, anapeleka kuku kwa chanjo!" "Chifu, mbona umemwachia mama mzigo?" Nilitukana watu watano nikiwa bado nakimbia, na nyungu haikuanguka. Okinyi alikuwa anacheka mpaka alibeba ya kwake kwa kuikumbatia.

Tulipofika shambani nikamwaga nyungu ya kwanza kwenye safu ya kwanza. Sikuwahi hata kuinuka. Chifu alipita chini ya kwapa langu. Ndani ya dakika mbili hapakuwa na mchwa hata mmoja, kulikuwa na kuku wameshiba, wanachakura kati ya vijiti vya serikali na kujipangusa midomo kwenye vibati vya namba. Nikaketi chini kwenye mavi ya ng'ombe na mabua, nikaanza kucheka, na nilipokuwa nacheka nikasikia sauti nyuma yangu.

"Beldina. Hawa kuku wanafanya nini kwenye majaribio yangu?"

Enos alikuwa amesimama langoni na barua mkononi. Okinyi akaiweka nyungu ya pili chini taratibu, akasema mandazi yake yanaungua, akatoweka. Nikamwambia mume wangu kila kitu. Mstari wa udongo, gorogoro, kijiko, safu nne, Ijumaa zote. Nilimwambia nikilia na nikikasirika pia, kwa sababu kosa lilikuwa letu wawili. "Ungeniambia unalisha mchwa ningekuletea mchwa!" nikapiga kelele. "Lakini umesema unalinda, nami nikakusaidia kulinda!"

Chifu akamdonoa kiatu, naye akamsukuma kwa mguu. Kisha akauliza, "Wiki ya Pasaka pia?"

"Pasaka sikuweka."

"Kijiko gani?"

"Kile cha kupakulia mboga. Kilichopinda."

Akaingia kibandani, akatoka na daftari, na nikaona anataka kuandika. Nikamshika mkono. "Enos, tunyamaze. Daktari hatajua."

"Daftari hili halina uongo hata mstari mmoja," akasema. "Uongo wangu wote niliutumia siku ile kwa baba yako, na ona umetufikisha wapi." Akaandika. Nami niliogopa sana. Sikuogopa njaa, maana omena ninayouza sokoni inanunuliwa. Niliogopa kumwona Enos akikaa nyumbani asubuhi, akigonga viti vyangu vinne ambavyo ameshavijua.

Alhamisi Daktari Nakhungu akaja na gari, mizani na bisibisi ya kuchomea mbao. Sikumpa nafasi hata ya kufunga mlango. "Daktari, kabla hujang'oa kitu, nina neno," nikasema, nikalitoa lote kwa pumzi moja, pamoja na kuku. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Halafu alinikemea, na akamkemea Enos, kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Safu nne zimeharibika kwa hesabu yao, akasema. Amebaki na sita. Na kama saiprasi ya safu hizo sita nayo ni nzima, hakuna la kujadili.

Wakaanza na za mbele. Enos alikuwa anang'oa, miguu amepanua, kijiti kinakwama, anavuta mpaka mishipa ya shingo inatoka, Daktari anachoma na bisibisi. Kizima. Kizima. Hata saiprasi tupu, nzima kabisa, imebaki na rangi ya majivu kiunoni. Safu ya pili, nzima. Ya tatu, ya nne. Barabarani wenye boda boda walikuwa wamesimama kutazama, na mmoja akaita kama kawaida, "Mzee Wechuli! Mbao ziko salama?" Enos alipangusa viganja kwenye suruali. Alikuwa amefika safu ya tano.

Akashika kijiti cha saiprasi, kile cha kwanza. Akapanua miguu vile vile. Akavuta kwa nguvu zote.

Jameni! Alikwenda nyuma kwa matako, miguu juu, buti moja ikaruka, kijiti kiko mkononi, nacho ni kifupi kama hindi la kuchoma. Kibati cha namba kipo, nusu ya juu ipo, safi kabisa. Ya chini hapana. Imeliwa yote, na shimoni mchwa wanakimbia huku na huku kama watu wa soko mvua ikianza. Enos alikiinua kijiti juani. Akakinusa. Akaanza kucheka akiwa pale pale chini.

Yule wa boda boda akaita tena, "Mzee, mbao ziko salama?"

"Haziko!" Enos akapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara. "Zimeliwa! Mimi silindi mbao! Mimi nalisha mchwa!" Nami nikapiga kigelegele, kwa nini nisipige? Daktari mwenyewe alikuwa ameshika kiuno, miwani imeshuka puani. Safu ya sita, saba, nane, mpaka kumi, saiprasi tupu zote zilitoka vipande. Shamba halifungwi.

Tulipotulia Daktari akaniita. Nikajua sasa kemeo la pili linakuja. Akaniuliza majivu ni ya kuni za mti gani. Nikamwambia mkaratusi, nachagua mwenyewe. Akaniuliza kama nina hakika ya kijiko kimoja, na kila Ijumaa, na mwisho safu ya nne. Nikamwambia anaweza kumuuliza Mungu. Akatazama vile vijiti vizima arobaini na vinane vilivyolala kwenye majani, akasema haviwezi kumthibitishia kitu, kwa sababu havikupangwa. Lakini anataka kuvipanga. Vijiti vipya, safu mpya, na mtu wa majivu.

Enos akafungua daftari, akanipa kalamu niandike jina langu mwenyewe. Nilifuta mikono kwenye gauni mara tatu, na bado niliacha alama ya mafuta kwenye ukurasa. Akalifunga daftari na alama yangu ndani.

Jumapili hiyo tulikwenda Luanda Kotieno, Enos akamwambia baba ukweli, akamrudishia rungu. Baba akalitazama rungu, akamtazama mkwe wake. "Kwa hivyo unajua wanachokataa kula?" akauliza. Enos akasema ndicho anachotafuta kujua. Baba akamrudishia rungu, akamvuta mkono mpaka kwenye mashua iliyokuwa nusu, akamwambia agonge kila ubao. Waligonga mpaka chakula kikapoa, na nikawatukana wote wawili.

Rungu ndilo lililopigilia vijiti vipya ardhini. Na Ijumaa napeleka chakula kama zamani, ila gorogoro naibeba wazi mkononi. Wenye boda boda bado wanaita kutoka barabarani, lakini siku hizi Enos hawajibu upesi. Amekigeuza kiti chake. Anakula akitazama safu, daftari liko gotini, na kila ninapoinama na kijiko anaacha kutafuna, anaandika.